Kopo Chini ya Taa ya Tatu

Mdogo wangu Ndambuki akikuonyesha mahali pa kuegesha gari, utadhani anakukaribisha arusini. Anatoka kivulini amenyooka, mkono wa kulia juu, wa kushoto ameuficha mgongoni, anapiga hatua mbili za kando, kisha anakuita kwa vidole: njoo, njoo, kata kidogo, njoo, hapo hapo. Ukizima injini anakuja na katoni ya kufunika kioo, usukani usichomwe na jua. Anajua gari lipi la Buruburu limeazimwa kwa shemeji na lipi lina breki za kuombea. Watu husema huyo ni soja wa paking tu, mlinzi wa magari. Mimi ndiye niliyemlea baada ya mama yetu kufa, kwa hivyo nisikilizeni mimi.

Ndambuki hakuzaliwa soja. Miaka ishirini na sita alikuwa mchongaji, kwenye mabanda karibu na Gikomba ambako watu wetu wa Ukambani hukaa chini na kuchonga wanyama wa kuuzia wageni. Wengine walikuwa wanachonga kifaru mwenye macho ya mbuzi. Kifaru wa Ndambuki alikuwa anakutazama, na ukiondoka anaendelea kukutazama. Halafu siku moja msumeno wa mashine ukamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alipopona alifunga tezo na patasi zake kwenye gunia, akaniletea nyumbani kwangu mtaa wa Jericho. Akasema, "Dada, viuze." Sikuviuza. Niliviweka chini ya kitanda, viko huko. Mimi si mtu wa kuambiwa fanya nikafanya.

Miaka minne sasa yuko kwenye supamaketi inaitwa Baraka Tele, hapa Buruburu, Nairobi. Mke wake Mbinya yuko shambani Mwala. Ndambuki mwenyewe anakaa Mukuru kwa Njenga na anakuja kazini kwa miguu, na siku zote anafika amenyoa ndevu. Umri wake hamsini na minane, vidole vinane. Kazi hiyo ikimponyoka, niambieni ni nani atamwandika kwingine. Mimi nauza njugu karanga nje ya geti lao, na kila mchana nampelekea chakula. Ndiyo sababu mambo haya nayajua kuliko wanaoyasimulia kwenye foleni ya mkate.

Yalianzia kwenye mlingoti wa tatu wa taa, ule wa nyuma karibu na ukuta. Kila mlingoti pale umevalishwa kifuniko cha bati chini kama sketi, kuficha nati zilizoushika kwenye saruji. Ni kitu ambacho hakuna anayekiangalia. Lakini kuanzia Januari walianza kuja watu ambao hawakununua hata kiberiti. Mtu anakuja na simu mkononi, anaangalia simu, anaangalia mbinguni, anauzunguka ule mlingoti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akimwona Ndambuki anainama kufunga kamba za viatu.

"Dada," Ndambuki aliniambia baadaye, "mmoja alifunga kamba dakika tano nzima, na alikuwa amevaa ndara."

Jumatatu moja mchana, paking ikiwa tupu, Ndambuki akaenda akainua ile sketi ya bati. Akakuta kopo bapa la peremende, limezungushwa tepu nyeusi. Akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi ndefu imekunjwa kama sigara, imejaa majina ya watu na tarehe, kila jina na mwandiko wake. Pamoja na karatasi palikuwa na shanga tatu nyekundu, kifungo cha shati, na ufunguo mdogo usio na kufuli.

Mtu wa kwingine angecheka akaenda zake. Ndambuki alilirudisha kopo pale pale, akaenda mferejini akanawa mikono hadi viwiko.

Wale wa Nairobi wanajua kwa nini. Ukitoka Ukambani, hata uwe mzee wa kanisa, jirani akiumwa na tumbo anakutazama wewe. Kamuti, wanasema. Uchawi wa Wakamba. Zamani tulipopanga nyumba mtaa wa Lucky Summer, jogoo wa mwenye ploti alikula sumu ya panya akafa, na kwa sababu Ndambuki alikuwa na vinyago vitano mlangoni vikikauka, tukapewa siku saba tuhame. Kwa ajili ya jogoo! Nilikataa kutoka kabla mwezi haujaisha, na kila asubuhi nilikuwa namsalimia mwenye ploti kwa sauti ya juu na kumuuliza hali ya kuku waliobaki, mpaka yeye mwenyewe akawa anapitia mlango wa nyuma. Lakini tulihama. Ndambuki hakusahau.

Sasa kazi ya soja ina kitabu. Kinaitwa OB, na kila kinachotokea lazima kiandikwe humo na saa yake. Ndambuki ni mwandishi hodari. Amewahi kuandika: "Saa tatu paka ameingia. Saa tatu na robo paka ametoka. Hakubeba kitu." Lakini kopo hakuliandika. Aliona akiandika kwamba amekuta majina ya watu yamefungwa na shanga, atakayesoma atauliza swali moja tu: soja wetu ni mtu wa wapi?

Kumbe ameshaonekana. Muhonja, keshia wa pale, Mmaragoli mwenye mdomo usio na pazia, alikuwa ametoka kunyoosha miguu akamwona Ndambuki ameinama kwenye taa, anaweka kitu, kisha anakimbilia maji. Jioni habari zikawa kwa meneja.

Meneja anaitwa Otiende. Ni mtu wa heshima, anavaa tai hata Jumamosi. Jumatano akamwita Ndambuki, akasimama mbali naye kama hatua sita.

"Ndambuki, unaficha nini chini ya ile taa?"

"Hakuna kitu, meneja."

Hapo ndipo mdogo wangu alipokosea, na nilimwambia hivyo. Otiende akashika tai yake, akasema, "Nakupa mpaka Jumamosi saa nne. Uje na maelezo, ama uje na yunifomu imefuliwa."

Mimi nilijua Alhamisi, kwa sababu ya muthokoi. Nilikuwa nimeupika vizuri, mahindi yamelainika, maharagwe hayajapasuka. Akala vijiko vitatu akafunika bakuli.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

"Hakuna, Dada."

"Basi kula."

"Tumbo limejaa."

"Limejaa nini, maneno? Yateme ule."

Akayatema yote, kopo, shanga, Muhonja, Jumamosi. Nikafunika beseni langu la njugu kwa gazeti, nikaingia geti, nikaenda moja kwa moja kwenye taa ya tatu. Alinifuata akinong'ona kama mtu aliye kanisani.

"Dada, usiguse! Dada, mimi nakuomba!"

"Ndambuki, nimezaa watoto sita. Nimezika mume. Nimekimbizana na askari wa kanjo wa jiji miaka kumi na tisa na beseni kichwani. Leo kopo la peremende ndilo litaniua?"

Nikalitoa mchana kweupe, nikafungua. Kusoma nilijifunzia uzeeni, darasa la gumbaru la kanisani, na mimi husoma kwa kidole, siharakishwi. Nikapita jina kwa jina. Fisi Mpole. Mama Ramani. Kipepeo wa Donholm. Hayo si majina mtu anabatizwa nayo. Nikafika chini, mwandiko wa kalamu ya kijani: "Tarehe kumi na mbili. Jua kali. Mlinzi ametuona, ikabidi tujifanye tunagombana."

Ndambuki akashika kichwa kwa vidole vyote vinane. "Nimeandikwa! Dada, na mimi nimo!"

"Nyamaza. Hawa ni wezi. Wanapima soja anaangalia wapi, halafu wanaachiana habari."

"Mwizi gani anaandika tarehe na kusema jua ni kali?"

"Mwizi aliyesoma."

Tukabishana pale mpaka gari likapiga honi, dereva anataka kuonyeshwa nafasi. Yeye alisema ni uchawi, mimi nikasema ni wizi, na wote wawili tulikuwa tumepotea, lakini mimi sikupotea sana. Nikalirudisha kopo chini ya bati, nikamwambia, "Kesho nitakaa hapa. Atakayekuja kuchukua kopo hili atanichukua na mimi."

Ijumaa saa tatu nilikuwa pale na kigoda changu. Nilikiweka hivi kwamba mgongo umeegemea mlingoti na gauni limefunika ile sketi ya bati yote. Beseni la njugu mbele yangu. Sikuinuka. Sitasema mwili ulivyonidai saa tano na nusu, lakini sikuinuka.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa miraba minne, mkoba mgongoni. Akazunguka mara ya kwanza. Akazunguka mara ya pili.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Hapana, mama. Naangalia tu hii taa."

"Taa? Saa tatu ya asubuhi?"

"Ni taa nzuri."

"Basi nunua njugu uiangalie vizuri."

Akanunua pakiti mbili, akasimama akitafuna, anaitazama taa juu na chini na kunitazama mimi kwa huzuni ya mtu ambaye basi lake limeharibika. Baada ya robo saa akaenda. Wakaja wasichana wawili wakicheka, wakanikuta, wakaacha kucheka, wakanunua njugu. Akaja Mzungu mwekundu magotini na mke wake, wakanisalimia kwa Kiswahili safi, wakanunua njugu, wakajipiga picha na ukuta. Hakika siku hiyo niliuza kuliko siku ya mkutano wa injili.

Saa saba Muhonja akapita na soda yake.

"Mama Nzivo, leo umehamia ndani? Unalinda dawa yenu?"

"Nalinda. Na ukisogea hatua moja tu, utaanza kusema ukweli, na hutaacha."

Aliruka nyuma, soda ikamwagikia viatu. Ndambuki alikuwa mbali akielekeza gari, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Tangu Jumatatu hakuwa amecheka.

Jambo lingine niliona siku hiyo, nikaliweka moyoni: Otiende, meneja mwenye gari lake la buluu, alikuja kwa miguu, jasho linamtoka, akapita upande ule mwingine wa paking kwa kona ndefu. Nikadhani ameuza gari.

Saa tisa ndipo alipokuja mwenyewe. Mwanamke wa kama miaka thelathini, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, amechoka lakini ana macho ya utundu. Hakuzunguka. Alisimama mbele yangu.

"Shosho, sasa?"

"Sasa ni saa tisa. Nani shosho wako? Nimekuwa bibi yako lini?"

Akacheka, akapiga goti nusu. "Nisamehe, mama. Naitwa Khalayi. Nafanya ukarani kiwanda cha sabuni, kule Industrial Area. Nimetumiwa ujumbe tangu asubuhi, ikabidi niombe ruhusa." Akanisogezea simu nisome. Nikaweka kidole. Kulikuwa kumeandikwa: "Halikupatikana. Kuna shosho amelikalia." Chini yake mwingine ameandika: "Shosho bado yupo. Njugu ni tamu sana."

"Kopo ni langu," Khalayi akasema.

Nikamwambia asimame pale pale. Nikamwita Ndambuki kwa kelele ambayo hata waliokuwa ndani wanachagua unga waliisikia. Akaja, mkono mgongoni.

"Huyu ndiye mchawi wako," nikamwambia. "Mtazame."

Khalayi akatueleza. Ni mchezo, akasema, unachezwa dunia nzima. Unaficha kopo mahali, unaweka kwenye mtandao alama za mahali hapo, zile simu inazipata kutoka setilaiti. Mtu asiyekujua anazifuata kwa simu yake mpaka afike, alitafute, aandike jina lake la mchezo, alirudishe kama alivyolikuta. Akitaka kuchukua kitu kidogo humo, anaacha kingine.

"Halafu anapewa nini?" nikauliza.

"Hapewi kitu."

"Anatoka Donholm, kwa jua hili, anakuja kuinama chini ya taa, hapewi kitu?"

"Anafurahi kwamba amepata."

Ndambuki akauliza polepole, "Na zile shanga?"

"Za dada yangu mdogo. Zilikatika."

Nilimwona mdogo wangu anapumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Lakini mimi sikuwa nimemaliza. Nikamuuliza Khalayi kwa nini asifiche kopo lake msituni, Karura huko, kwenye ndege na vivuli, watu watafute na nyani. Akaniambia ameficha huko pia. Lakini msituni si kila mtu anaweza. Ana rafiki wa kiti cha magurudumu, Kipepeo wa Donholm ndiye huyo, na paking ni tambarare, anafika hadi kwenye mlingoti bila kubebwa na mtu. Mwenye watoto anashuka stejini, anatafuta, ananunua maziwa, anarudi nyumbani. Mwanamke aliye peke yake haogopi, maana ni mchana, kuna watu, kuna soja.

"Mimi nilikuja Nairobi kutoka Bungoma," akasema, "nikapanga Lucky Summer. Miaka miwili sikujua mtu. Kazi, nyumba, kazi, nyumba. Mchezo huu ndio umenitembeza. Sasa hata Kayole nina watu wa kuninywesha chai."

Maneno hayo yalinigusa, sikatai. Lakini kuguswa ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine.

"Vizuri," nikamwambia. "Sasa sikiliza na ubaya wake. Moja, hapa si shambani kwako, una hodi gani uliyopiga? Mbili, chini ya hii bati kuna nyaya za stima, na nyinyi mnaingiza mikono kama mnatafuta mayai. Tatu, magari yanarudi nyuma hapa, na mtu aliyeinama hana kichwa kwenye kioo cha dereva. Na kopo lililofungwa tepu nyeusi, limefichwa kwenye duka, hapa Nairobi? Mungu akusamehe. Angelipata mwoga kuliko huyu, barabara yote ingefungwa."

"Dada, mimi si mwoga," Ndambuki akasema.

"Ulinawa hadi viwiko."

Khalayi akainamisha kichwa. Aliona paking zinafanana, akasema, hakufikiria kuna wa kupigiwa hodi. Hapo nikamwonyesha. Gari lilikuwa limeingia, Ndambuki ameshaenda, amenyooka kwenye jua, anapiga zile hatua zake mbili za kando.

"Huyo ndiye mlinzi mliyemwandika. Mnamjua kama ukuta, wa kukwepwa. Kesho saa nne anafukuzwa kwa sababu ya kopo lako."

Nilidhani atasema atakuja mara moja, lakini alishika kile kitambulisho chake. Akasema akienda kwa meneja anaweza kuitiwa polisi kwa kuingia mahali pa watu, na kiwandani wakisikia, atafutwa kazi yeye. Alisema ukweli, na nilimheshimu kwa kuusema. Hata hivyo kopo nilikuwa nimeshalitoa chini ya bati nikalitia kifuani, mahali ambapo hakuna karani wa kulifuata.

"Nitalilaza kwangu," nikasema. "Kesho saa nne ulikute hapa. Usipokuja, nitamweleza meneja mwenyewe kwa Kiswahili changu, na sijui nitasema nini."

Jumamosi nilivaa kitambaa cha kanisa. Ndambuki alikuja na yunifomu imefuliwa, imepigwa pasi, ameikunja kwenye mfuko wa karatasi. Nilipoiona niliumia, kwa maana kola alikuwa ameikunja kwa uangalifu ule wa zamani, kama anamalizia sikio la kifaru. Hakuwa na maelezo kwenye mfuko, alikuwa na yunifomu tu. Saa nne ikafika, Khalayi hayupo. Tukaingia.

Ofisi ya Otiende ni ndogo, imejaa makatoni ya majani chai. Muhonja alikuwa mlangoni anajifanya anahesabu mifuko. Nikatoa kopo kifuani, nikaliweka mezani. Otiende akasukuma kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Mama, hicho... hicho usikiweke hapo."

"Ni peremende," nikasema.

Hapo ndipo tukasikia viatu vinakimbia, na Khalayi akaingia anahema, akisema gari alilopanda lilikwama Jogoo Road. Hakukaa. Akasema, "Meneja, kopo ni langu. Mzee huyu hana makosa. Mimi ndiye niliyeingia bila hodi." Akaeleza yote kama alivyotueleza, akatoa simu, akaonyesha ramani yenye vidoti vya kijani, Nairobi nzima, vingine kwenye paking za maduka makubwa kuliko hili.

Otiende alisikiliza. Akaichukua karatasi kwa ncha za vidole, akaisoma. Kisha akamgeukia Ndambuki, na sauti yake haikuwa ya hasira.

"Haya ya mchezo nimeelewa. Lakini wewe ni soja wangu. Ulilikuta Jumatatu. Kwa nini hukuandika kwenye kitabu? Wewe unayeandika hadi paka?"

Nilifungua mdomo nijibu. Ndambuki akainua mkono, ule wa kushoto, ule anaouficha, mbele ya watu. Nikafunga mdomo. Si mara nyingi.

"Meneja, mimi ni Mkamba," akasema. "Nilijua nikiandika kopo, wewe hutasoma kopo. Utasoma Mkamba. Nilishafukuzwa kwa ajili ya jogoo, sikutaka kufukuzwa kwa ajili ya shanga. Nikadanganya. Hilo ndilo kosa langu, mengine si yangu."

Muhonja hakuhesabu mfuko hata mmoja. Halafu akashindwa kujizuia, kama kawaida yake.

"Si umwambie, bosi," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba tangu Jumanne unaegesha gari petroli stesheni."

Otiende akashika tai. Akaiachia. Nikakumbuka lile jasho la Ijumaa na ile kona ndefu, nikaelewa kwamba gari halikuuzwa. Mtu mzima, mwenye stashahada ukutani, alikuwa analipia gari lake mahali pengine lisipitishwe karibu na taa ya tatu!

"Mke wangu ndiye alisema..." akaanza. Akaacha. Kisha akacheka, kicheko kilichoanza kidogo halafu kikamshinda, akaweka kichwa mezani karibu kabisa na kopo. Ndambuki akacheka. Khalayi alikuwa analia na kucheka. Mimi sikucheka mpaka niliposikia jibu.

"Na kazi?" nikauliza.

"Kazi gani, mama? Mwambie avae yunifomu yake. Lakini kopo halirudi kwenye taa. Zile nyaya zinaua. Na sitaki watu wanajificha-ficha kwenye paking yangu wakati wateja wanarudisha magari nyuma."

Khalayi akasema ni haki, atalifuta kwenye ramani. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na nikamfikiria yule wa kiti cha magurudumu, na zile chai za Kayole. Nikasema, "Nje ya geti si paking. Kigoda changu kiko nje ya geti. Magari hayafiki, pako tambarare, nyaya hazipo. Waje watafute kwangu."

"Chini ya gauni lako tena?" Muhonja akauliza.

"Wewe ndiye wa kwanza kuandika jina lako."

Otiende akafikiri, akakubali, kwa sharti moja: kila anayekuja kutafuta aanze kwa kumsalimia soja. Asiyesalimia asionyeshwe hata upande. Khalayi alitoa simu akaliandika pale pale.

Lakini Ndambuki alikuwa analitazama lile kopo, tepu nyeusi imechakaa, pembe zimeshika kutu. Alikuwa analitazama kwa namna ambayo sikuiona kwa miaka minne. "Hili ni baya," akasema. "Mvua ya mwezi wa nne itaingia." Akaniuliza bila kunitazama, "Dada, vile vyombo uliviuza kwa nani?"

"Kwa chini ya kitanda," nikamwambia.

Kuchonga badala yake kulimchukua wiki tatu, saa ya chakula, nyuma ya stoo, Otiende akijifanya haoni patasi. Kipande cha mti kilikuwa cha mjakaranda ulioangushwa na upepo karibu na kanisa. Mkono wa kushoto ulikataa mwanzo. Alitupa wawili, mmoja shingo ilikatika, mwingine alisema ana uso wa mwenye ploti wa Lucky Summer. Wa tatu akatoka kobe, mkubwa kama mkate, na tumboni, inamokaa karatasi ya majina, ana mlango unaoteleza usiouona mpaka uelekezwe. Anakaa kati ya mawe mawili nyuma ya kigoda changu, na ukipita bila kujua utafikiri ni jiwe la tatu. Yule kijana wa miraba minne alitafuta nusu saa, mkono wake uko juu ya kobe, huku akiniuliza kama amekaribia. Kipepeo wa Donholm alimpata kwa dakika nne.

Sasa kila Jumamosi wanakuja watu sita, saba. Wanasalimia soja kwanza, wengine wanampa mkono, na yeye anautoa wowote ulio karibu. Ubaya bado upo. Wanakanyaga chupa yangu ya maji, na kuna mmoja aliyeondoka na ufunguo usio na kufuli akaacha tikiti ya basi. Sijamsamehe.

Jana nilimwomba Ndambuki kitabu chake nione alivyoandika. Nikaweka kidole, nikasoma polepole, hapakuwa na haraka:

"Saa nne. Watu watatu wamemtafuta kobe. Wamesalimia. Saa nne na dakika kumi na mbili wamempata. Saa tano paka ameingia. Naye amesalimia."